Uzito unaopanda baada ya miaka 40: mwongozo kamili wa tumbo, sahani na misuli

Watu wengi wakishavuka arobaini husema, "Siku hizi mwili wangu hausagi chakula kama zamani." Suruali ya miaka mitano iliyopita haifungi, na mwenyewe anaapa kwamba anakula kilekile. Hatua inayofuata huwa ni kutafuta dawa ya kusafisha tumbo.

Malalamiko hayo yana ukweli, ila lawama imemwangukia asiyehusika. Utumbo wa mtu mwenye afya, awe na miaka 25 au 65, hufyonza karibu asilimia 95 ya nishati iliyomo kwenye chakula. Ujanani haukuwa ukimwaga ovyo, na ukubwani haujaanza kubana. Kinachobadilika ni misuli, mwendo na homoni. Halafu kuna jambo ambalo watu hawaliangalii kabisa: matatizo madogo ya tumbo na meno hutusogeza taratibu kutoka kwenye maharage, nyama na mboga, yakatupeleka kwenye uji, mkate, maandazi na chai ya sukari. Hapo ndipo mmeng'enyo unapoingia kwenye hadithi ya kitambi, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima anayekula vyakula vyetu vya kawaida. Kama una ugonjwa wa figo, unachoma insulini, au una mimba, onana na daktari au afisa lishe kabla ya kubadilisha kiasi cha chakula.

Kwanza, nini hasa kinabadilika

Mwaka 2021 jarida la Science lilitoa utafiti uliokusanya vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia watoto wachanga wa siku 8 hadi wazee wa miaka 95. Ilionekana kwamba kati ya miaka 20 na 60, nishati ambayo mwili unatumia kwa siku haishuki, ukishazingatia ukubwa wa mwili na kiasi cha misuli. Inaanza kushuka baada ya 60, kwa kama asilimia 0.7 kila mwaka. Kwa hiyo mtu wa miaka 45 hawezi kusingizia umri peke yake.

Lakini angalia hayo maneno "kiasi cha misuli". Baada ya miaka 30 mtu asiyefanya kazi ya nguvu hupoteza kati ya asilimia 3 na 8 ya misuli yake kila miaka kumi, na kasi huongezeka baada ya 60. Misuli ndiyo inayomeza sehemu kubwa ya sukari itokayo kwenye ugali na wali. Ikipungua, sukari hukaa kwenye damu muda mrefu zaidi na ziada yake huishia kuwa mafuta.

Homoni nazo huhamisha ghala. Mwanamke akikaribia ukomo wa hedhi, ambao kwa wengi huja karibu na miaka 50, estrojeni hushuka na mafuta yaliyokuwa yakikaa kwenye nyonga na mapaja huanza kukaa tumboni. Ndiyo maana mama anaweza kuwa na kilo zilezile lakini gauni likambana kiunoni. Kwa wanaume testosteroni hushuka polepole, na misuli huifuata.

Sasa hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kalori kama 7,700. Anayeongezeka nusu kilo kila mwaka amezidisha, kwa hesabu ya darasani, kalori kama 10 au 11 tu kwa siku. Kijiko kimoja cha chai cha sukari kina kalori 16. Mwilini hesabu haiendi kwa unyoofu huo, kwa sababu mwili ukikua unatumia zaidi, lakini inaonyesha kwa nini mtu anaweza kusema kwa dhati kwamba hajabadilisha chochote na bado akapata kilo kumi kati ya miaka 30 na 50. Ziada ya kila siku ni ndogo mno kuonekana kwa macho.

Hatua ya 1: Pima kiuno

Mizani ya duka la dawa inakupa namba moja tu, haikwambii kama ulichopata ni mafuta, maji au misuli. Tafuta utepe wa fundi cherehani. Simama wima asubuhi kabla ya kula, papasa ubavu wa mwisho chini na mfupa wa nyonga juu, pitisha utepe katikati ya hapo, pumua nje kama kawaida, kisha soma. Usivute tumbo ndani, unajidanganya mwenyewe.

Shirika la Afya Duniani linahesabu hatari kuanza kupanda kwenye sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume, na kuwa kubwa zaidi kwenye 88 na 102. Kipimo chepesi cha kukumbuka: kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Mwenye urefu wa sentimita 164 asivuke 82.

Andika namba hiyo na tarehe, pamoja na uzito. Kisha kwa siku tatu, mojawapo iwe ya mwisho wa wiki, andika kila kinachoingia mdomoni, hata karanga za kwenye daladala na kipande cha muwa. Usibadilishe ulaji bado. Karatasi hiyo utaihitaji katika hatua zote zinazofuata.

Hatua ya 2: Jua tumbo lako linakusukuma wapi

Soma karatasi yako ukijiuliza: kuna chakula gani nilichoacha miaka hii kwa sababu "kinanisumbua"? Majibu huwa ni yaleyale.

*Meno.* Mtu aliyepoteza magego haachi kula, anabadilisha anachokula. Nyama, karanga, mahindi ya kuchoma na machungwa huondoka. Mkate uliochovywa kwenye chai hubaki. Dawa ya kweli ni kuonana na daktari wa meno, na meno ya bandia si anasa ya wazee wa mjini. Wakati unasubiri, kula protini laini: samaki wa kuchemsha, mayai, nyama ya kusaga, choroko zilizopondwa, mtindi, dagaa waliosagwa na kuchanganywa kwenye mchuzi. Uji wa lishe ni chakula kizuri, lakini bakuli lenye karanga nyingi na sukari vijiko vinne ni mlo kamili. Ukiunywa saa nne kisha ukala mchana kama kawaida, umekula milo miwili.

*Gesi ya maharage.* Sukari fulani zilizomo kwenye maharage haziwezi kuvunjwa na utumbo mwembamba, zinafika utumbo mpana ambako bakteria huzila na kutoa gesi. Hilo ni jambo la kawaida, na ndilo hasa linalofanya jamii ya kunde iwe rafiki wa utumbo. Kuacha maharage kwa sababu ya gesi ni kupoteza protini na nyuzinyuzi kwa mpigo mmoja, na nafasi yake hujazwa na tonge kubwa zaidi.

Fanya hivi. Jioni loweka maharage kwenye maji mengi, yakae kati ya saa 8 na 12. Asubuhi utakuta maji yamebadilika rangi na povu jepesi juu. Yamwage yote na usuuze. Chemsha kwa maji mapya, moto mkali dakika 10, mwaga tena, kisha pika hadi yalainike kabisa. Punje ikipondeka kati ya ulimi na kaakaa ndipo imeiva. Unapoteza vitamini kidogo kwenye maji yaliyomwagwa, ni hasara ndogo. Usitie magadi: yanaharibu vitamini B1 na kuongeza sodiamu, jambo baya kwa mwenye presha. Anza na vijiko vitatu vya kulia kwa mlo, kwa wiki nzima, ndipo uongeze. Choroko na dengu zilizoparazwa huwa nyepesi zaidi tumboni, kwa hiyo mwenye tumbo gumu aanzie huko. Baada ya wiki chache bakteria huzoea na gesi hupungua.

*Maziwa.* Watu wazima wengi wa Afrika Mashariki hupunguza uwezo wa kuvunja sukari ya maziwa baada ya utoto, isipokuwa jamii nyingi za wafugaji. Mwaka 2007 timu ya mtafiti wa vinasaba Sarah Tishkoff ilichapisha uchunguzi uliofanyika Tanzania, Kenya na Sudan ulioonyesha kwamba wafugaji wa huku walipata uwezo huo kwa mabadiliko ya vinasaba tofauti na yale ya Wazungu. Kama glasi ya maziwa inakuletea tumbo kuunguruma na kuharisha, huna ugonjwa. Kunywa mtindi au maziwa mgando, ambamo bakteria wamekwishakula sehemu ya sukari hiyo. Mtindi usiotiwa sukari, lakini. Ule wa vikopo wenye ladha ya stroberi mara nyingi ni kinywaji cha sukari.

*Kiungulia na "vidonda".* Hapa ndipo nimeona kilo nyingi zikizaliwa. Mtu anaambiwa ana vidonda vya tumbo, pengine bila kipimo chochote, na anashauriwa asikae na njaa. Anaacha maharage, anaacha matunda ya uchachu, anatembea na biskuti mkobani na kula kila baada ya saa mbili. Mwaka ukiisha vidonda bado vipo na kitambi kimeongezeka, na kitambi chenyewe kinasukuma asidi juu zaidi. Omba upimwe bakteria wa tumbo, Helicobacter pylori, ambaye ni wa kawaida sana kwetu. Akipatikana, tiba huwa ni dawa mbili za kuua bakteria pamoja na ya kupunguza asidi, mara nyingi kwa siku 14, na dozi imalizwe. Kumeza omeprazole, dawa ya kupunguza asidi, miaka nenda miaka rudi kwa kununua dirishani ni tatizo jingine: asidi ikipungua muda mrefu, vitamini B12 hufyonzwa kwa shida, na wanaotumia metformin, dawa ya kisukari, wanapata pigo hilohilo. Upungufu wa B12 huleta uchovu na ganzi miguuni, na mtu aliyechoka hatembei.

*Choo kigumu.* Utumbo mpana huenda polepole zaidi kadiri umri unavyosonga, hisia ya kiu hupungua, na dawa kadhaa huongeza tatizo: vidonge vya madini ya chuma, dawa za maumivu kama tramadol na kodeini, baadhi ya dawa za presha. Tumbo hujaa na mtu huona amenenepa. Kupata choo popote kati ya mara tatu kwa siku na mara tatu kwa wiki ni kawaida, alimradi kisiwe kigumu. Lengo la nyuzinyuzi ni angalau gramu 25 kwa siku. Kikombe cha maharage yaliyopikwa pekee kina zaidi ya gramu 10. Ongeza dona badala ya sembe, mchicha, matembele, bamia, mlenda, papai, parachichi. Ongeza maji kwa pamoja, maana nyuzinyuzi bila maji hukaza choo badala ya kukilainisha. Weka kigoda kidogo chini ya miguu ukiwa umekaa kwenye choo cha kukalia. Wanaotumia choo cha kuchuchumaa tayari wamepatia.

Na sasa sanamaki, majani ya kuendesha tumbo, pamoja na zile chai za kukata kitambi ambazo nyingi zina sanamaki hiyohiyo ndani. Majani haya hufanya kazi kwenye utumbo mpana. Kalori za chakula hufyonzwa mapema, kwenye utumbo mwembamba. Chakula kinapofika mahali ambapo sanamaki inafanya kazi, nishati yake imeshaingia mwilini. Kilo mbili zilizopotea wiki hiyo ni maji na choo, na zitarudi. Ukiendelea kwa miezi unapoteza potasiamu, na moyo unaihitaji ili upige sawasawa. Maji ya moto na limau hayana madhara, lakini limau haliyeyushi mafuta.

Hatua ya 3: Weka protini kwenye kila mlo

Kama utafanya jambo moja tu katika mwongozo huu, fanya hili. Misuli ya mtu mzima ni mizito kuitikia. Inataka protini nyingi zaidi kwa mlo mmoja ili ijijenge kuliko misuli ya kijana. Kiwango cha kawaida kwa mtu mzima ni gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito, na kwa wazee wataalamu hupendekeza gramu 1.0 hadi 1.2. Kwa kiwango hicho cha pili, mwenye kilo 70 anahitaji gramu 70 hadi 84 kwa siku, zikigawanywa, zisiangukie zote kwenye nyama choma ya Jumamosi.

Protini pia hushibisha, na mwili hutumia asilimia 20 hadi 30 ya kalori zake katika kuimeng'enya tu. Kwa wanga ni asilimia 5 hadi 10, na kwa mafuta ni kidogo sana.

Mlo wetu wa asubuhi ndio mbovu kuliko yote: chai na maandazi, chai na chapati, chai na mkate. Karibu hakuna protini. Badilisha hapo kwanza. Mayai mawili ya kuchemsha yana gramu 12, glasi ya mtindi ina kama 8. Mchana, kikombe cha maharage kina kama gramu 15, na mkono mdogo wa dagaa wakavu, kama gramu 25, unakupa 14 nyingine. Jioni kipande cha samaki au kuku kilichopikwa cha ukubwa wa kiganja chako, karibu gramu 100, kina 25 hivi. Jumla inakaribia 75, na ugali wenyewe unaongeza kidogo. Dagaa ndiyo protini ninayoitetea kuliko zote: bei yake inavumilika, inakaa bila friji, na ukila na mifupa yake unapata kalsiamu ambayo mifupa ya baada ya miaka 50 inailia. Mwenye jongo au figo dhaifu amuulize daktari kwanza.

Karanga zina protini, ndiyo, lakini gramu 100 zina kalori kama 570. Zihesabu pamoja na mafuta.

Hatua ya 4: Punguza mafuta na sukari visivyoonekana

Fuata lita moja ya mafuta ya kupikia. Ina kalori zaidi ya 8,000. Familia ya watu watano ikiimaliza kwa wiki, kila mmoja, mtoto na mtu mzima, ameingiza kama kalori 235 kwa siku za mafuta hayo tu, kabla ya nazi, karanga na mafuta ya nyama. Anayemimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu hajui anachomimina. Weka kijiko cha kulia karibu na jiko. Kijiko kimoja kina kama kalori 120. Vijiko viwili hadi vitatu vinatosha sufuria ya mboga ya watu watano. Andika tarehe kwenye chupa kwa kalamu siku unapoifungua, na lengo liwe kuifikisha siku 12, kisha 14.

Vitu vitatu hubeba mafuta kuliko watu wanavyodhani: chapati ya kusukumwa, ambayo moja kubwa inaweza kufika kalori 300, vitafunwa vya kukaanga kama sambusa, bagia na kachori, na chipsi. Gramu 100 za viazi vya kuchemsha zina kalori kama 85. Gramu 100 za chipsi zinakaribia 300. Tui la kwanza zito nalo lina mafuta mengi. Pwani hakuna atakayekubali kuliacha na sisemi liachwe: tumia tui la pili kupikia siku za kawaida, la kwanza libaki kwa wageni na Ijumaa.

Sukari ni rahisi zaidi. Vikombe vitatu vya chai, kila kimoja vijiko vitatu, ni gramu 36. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana asilimia 5, yaani gramu 25 hivi. Soda moja ya mililita 300 yenyewe ina zaidi ya 30. Punguza nusu kijiko kila wiki mbili; ulimi huzoea bila vita. Juisi ya kutengeneza nyumbani iliyokamuliwa machungwa matano na kutiwa sukari haina tofauti kubwa na soda. Kula chungwa. Bia ya mililita 500 ina kalori kama 200, na huwa haiji peke yake, inaitana na mishikaki na ndizi za kukaanga.

Hatua ya 5: Tonge libaki, lipungue

Ugali hauna dhambi. Kila gramu 100 za unga mkavu zina kalori kama 350, uwe wa dona au sembe, na kuhamia dona bila kupunguza tonge hakutakupunguza uzito hata kidogo. Faida ya dona ni kubaki na pumba na kiini, kwa hiyo shibe hudumu na choo hulainika.

Pakua upya. Nusu ya sahani mboga za majani na kachumbari, robo protini, robo iliyobaki ugali au wali au ndizi au viazi. Robo hiyo ni kama ngumi yako iliyofungwa. Usichanganye wanga mbili, zile sahani za wali na chapati na viazi juu yake ni tabia ya sherehe iliyohamia nyumbani. Anza na mboga na protini, ugali ufuate. Sukari ya damu hupanda polepole zaidi ukila kwa mpangilio huo. Kama mnakula sinia moja, pakua chako pembeni. Wenzako watakucheka siku mbili.

Mihogo na viazi vitamu vya kuchemsha vinaweza kushika nafasi ya mkate asubuhi, ila vihesabu kama wanga, visiwe nyongeza.

Hatua ya 6: Rudisha misuli

Kuzunguka Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, Wahadza bado huwinda na kuchuma. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nishati wanayotumia kwa siku. Wanaume walikuwa wakitembea kilomita 11 hivi kwa siku, wanawake karibu 6, na bado jumla ya nishati yao, ukizingatia ukubwa wa mwili, haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini. Mwili hubana matumizi kwingine ukitembea sana.

Kwa anayetaka kupungua, habari hii ni muhimu. Huwezi kukimbia ukafidia chipsi. Uzito hupunguzwa zaidi jikoni. Mazoezi yana kazi yake nyingine, nayo ni kubwa: hulinda misuli, hushusha sukari na presha, husukuma utumbo ufanye kazi, na huzuia uzito usirudi.

Pendekezo la kimataifa ni dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu angalau siku mbili. Wengi hufanya la kwanza na kusahau la pili, na kwa umri wetu hili la pili ndilo lenye uzito. Huhitaji gym. Kaa kwenye kiti kigumu, kunja mikono kifuani, simama bila kujishika, kaa tena polepole kwa kuhesabu hadi tatu. Rudia mara 10, pumzika, fanya mizunguko mitatu. Kisha simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja ukutani na ujisukume mara 10. Maliza kwa kubeba madumu mawili ya lita 5, moja kila mkono, ukitembea uani dakika moja. Likiwa jepesi, chukua ya lita 10. Aliyezidi miaka 65 aongeze kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, kwa ajili ya mizani ya mwili.

Baada ya mlo wa jioni tembea dakika 10 hadi 15. Hapo ndipo misuli inaichukua sukari ya ugali moja kwa moja.

Hatua ya 7: Saa za kula na kulala

Anayefika nyumbani saa tatu usiku kwa sababu ya foleni hana namna ya kula saa kumi na mbili jioni, na ushauri wa namna hiyo humfanya aone mwongozo mzima haumhusu. Afanye hivi: ale kitu chenye protini saa kumi na moja kazini, mayai au mtindi au bakuli la choroko, kisha usiku ale sahani ndogo ya mboga na samaki. Muda wa saa mbili hadi tatu kati ya chakula na kitanda unatosha kupunguza kiungulia. Usingizi chini ya saa sita huongeza homoni ya njaa, na njaa ya mtu aliyekesha haitamani mchicha. Wakati wa Ramadhani tende na supu vinatosha kufungulia. Vya kukaanga visigeuke kuwa desturi ya siku 30.

Hatua ya 8: Kagua dawa zako

Baadhi ya dawa huongeza uzito hata mtu akila vizuri: insulini na glibenclamide za kisukari, prednisolone na dexamethasone, amitriptyline, baadhi ya dawa za afya ya akili na kifafa, sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, na dawa za kupunguza makali ya VVU zenye dolutegravir. Usiache hata moja kwa uamuzi wako. Peleka orodha kwa daktari na uulize kama kuna mbadala. Amlodipine huweza kuvimbisha miguu, na hayo ni maji, si mafuta. Tezi ya shingo (thyroid) inayofanya kazi kwa ulegevu nayo huongeza uzito, pamoja na baridi, uchovu na ngozi kavu. Kipimo cha damu kinaonyesha.

Dalili zifuatazo zinataka hospitali haraka, si mwongozo: tumbo linalokua huku mikono na uso vikikonda, miguu kuvimba na kukosa pumzi, damu kwenye choo au choo cheusi kama lami, choo kilichobadilika ghafla kwa aliyezidi miaka 45, na chakula kukwama kinapomezwa. Hilo la mwisho lisipuuzwe, kwa sababu saratani ya umio iko juu katika ukanda wetu wa Afrika Mashariki.

Ukishavuka miaka 65

Hapa sheria inageuka kidogo. Mzee mwenye uzito wa kuzidi kidogo lakini anayeinuka kwenye kiti bila kusaidiwa yuko salama kuliko mwembamba asiye na nguvu. Usimwekee mzazi wako wa miaka 74 masharti ya kufunga kula. Muongezee protini, mtembeze, mpunguzie sukari kwenye chai, basi. Na akipungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia, kilo 3 na nusu kwa mwenye 70, mpeleke akapimwe, hata kama majirani wanamsifu.

Baada ya wiki 12

Usipime kila siku. Uzito hucheza kilo moja au mbili kwa maji, chumvi na choo. Pima kiuno na uzito kila baada ya wiki mbili, asubuhi ileile, utepe uleule. Kupungua nusu kilo kwa wiki ni kasi nzuri, na asilimia 5 tu ya uzito wako inatosha kushusha presha na sukari. Kiuno kikishuka na uzito ukabaki, endelea: mafuta yanaondoka na misuli inakuja. Vyote vikigoma baada ya wiki 12, andika tena chakula cha siku tatu na ukilinganishe na karatasi ya mwanzo. Tazama kwanza chupa ya mafuta, kisha vikombe vya chai, kisha kile ulichokula ukiwa umesimama.